Ladha ya Chuma

Leo sisemi sana, Nazario.
Asubuhi, kule Mulegé, nimeng'olewa gego,
na nusu ya ulimi wangu bado imelala
kama mbwa kivulini.
Kwa hiyo tazama mikono.

Farasi huyu ana miaka minne na miezi.
Mfunue mdomo, taratibu.
Unaliona pengo? Meno ya utoto yanadondoka,
mapya yanasukuma ufizi kama viazi udongoni.
Nani angetia chuma humo?

Baba yako alitia.
Ndiyo maana yule mweusi alikunywa maji kwa upande mmoja
hadi alipokufa,
na baba yako hakuuliza kwa nini.

Hii ndiyo jakima. Haina lijamu.
Ni kitanzi cha ngozi mbichi, nyuzi kumi na sita,
nilikisuka mwaka ule wa ukame
kwa ngozi ya ndama aliyeanguka korongoni.
Ipashe joto viganjani kwanza.
Ngozi baridi usoni ni tusi.

Iweke juu ya pua, mfupa unapokaribia kuisha.
Sipo hapo! Umeshusha mno, hapo ndipo pumzi inapopita.
Pandisha vidole viwili.
Ehe.
Chini ya kidevu fundo lining'inie,
liguse likiitwa, likae kando lisipoitwa.
Likibana, punguza mzunguko mmoja wa kamba.
Likicheza kama kiatu cha kuazima, ongeza.
Kamba yenyewe ni singa za mkia, inawasha shingo,
inawasha na viganja vyako pia.
Mtazoeana.

Sasa panda.
Na usivute kwa mikono miwili!
Wewe umezoea pikipiki, unatafuta breki.
Shingo hii ina nguvu kuliko ukoo wetu mzima:
mkivutana atashinda,
atajua kwamba ameshinda,
na tangu siku hiyo utakuwa mzigo tu mgongoni pake.
Omba kwa mkono mmoja. Kushoto. Guso.
Kisha legeza, kabla hajamaliza kukujibu.
Watu hupenda kusimulia habari za kushika hatamu,
nani alizishika, miaka mingapi.
Za kuziachia sijasikia mtu akisimulia.

Unazunguka zizi. Vumbi. Mnapita mti wa meskiti,
mnapita ndoo, anaiogopa ndoo,
unamwacha aiogope.
Halafu, karibu na lango, unashusha pumzi
na kukaa mzito kidogo kwenye tandiko,
naye anasimama.
Fundo halikumgusa. Nimeona.

Unanigeukia, meno yote nje, unataka sifa.
Nafungua mdomo nikupe,
ganzi imeisha, damu inachuruzika toka penye pengo,
na ladha yake ni chuma, chuma kitupu.

Naufunga.
Nanyanyua kidole:
tena. Kulia.