Sifongo na Mfongo

Mwalimu Elinaja aliitoa kwenye kopo la kakao:
sifongo kavu, rangi ya chai ya jana,
nyepesi kama mkate uliosahauliwa juu ya kabati.
Shemeji yake aliiokota Pangani, akaituma Moshi
kwa basi, imeviringwa gazeti.
Kibosho, kidato cha pili B, masika yakipiga bati,
tukabishana kama ni mmea au kipande cha godoro.

"Ni mnyama."
Nkasaria akauliza moyo wake uko wapi.
Hana.
Mdomo?
Ana vitundu, maelfu, kama chekecheke,
kila kimoja mlango usio na bawabu.
Tumbo? Damu?
Mwalimu akafuta ubao kwa kiganja,
chaki ikampanda hadi kiwiko.

Ndani mna vijumba, alisema, akivichora,
na kutani mwa kila kijumba seli zimejipanga,
kila moja na kola yake, kama ninyi Jumatatu,
na kila moja na kijeledi kimoja.
Hazina kiranja. Hakuna anayehesabu moja, mbili.
Kila moja hupiga kwa wakati wake
na maji huja.
Kola hubakiza kile kidogo mno kuonekana.
Maji huendelea, hupanda, hutokea tundu moja kubwa la juu,
kwa kasi, mbali,
asije akanywa tena alichokwisha kutema.

Jumamosi ilikuwa zamu ya ukoo wetu mfongoni.
Tulizoa matope, maganda ya migomba, chupa, kandambili moja.
Tulipozibua, maji yakashuka yenyewe
kihamba hadi kihamba, bila kuombwa;
mlima ndio uliokuwa ukifanya kazi.
Nikasimama na jembe nikimwaza yule asiye na mlima,
aliyeganda mwambani tangu utoto wake,
kazungukwa na maji yote ya dunia
na bado hana budi kuyavuta, pipa baada ya pipa,
apate kijiko cha uji.

Jumatatu Nkasaria aliichovya kwenye ndoo ya kudekia.
Ikavimba, ikalainika, ikawa nzito mkononi.
"Mwalimu, imefufuka! Inakunywa!"
"Inalowa," akasema Elinaja.
Akaiminya taratibu juu ya sakafu.
Maji yakatoka kila upande, yasijue njia,
na chembe mbili za mchanga wa Pangani.