Koti la Julai

Wenzangu kule bandarini Mtwara walinicheka:
"Likizo Julai? Si usubiri Desemba kama watu?"
Nikajaza fomu. Penye Sababu nikaandika: baridi.
Mkuu wa kitengo akasaini bila kusoma.

Koti nililichomoa kwenye robota sokoni,
bei ya kilo mbili za pweza,
jekundu, nene, ukilibinya linapumua kama mkate.
Kwenye zipu kijiwaya, kwenye waya kikaratasi kigumu:
tarehe ya Februari fulani,
jina la mlima lenye herufi zilizovaa vidoti kichwani,
na mtu mdogo ameketi kwenye kiti,
kiti kimening'inia kwenye kamba.
Muuzaji akashika mkasi. Nikamwambia acha,
hicho nacho nimekilipia.

Nanyamba nilikuwa bado nimelikunja mapajani.
Tandahimba nikavaa mkono mmoja.
Newala nikashuka nimelifunga mpaka kidevuni,
na shemeji yangu Somoe,
kajitanda kanga mbili, soksi za mpira za mwanawe miguuni,
akanitazama juu chini: "Umevaa godoro?"

Ukungu wa Newala haubishi hodi.
Usiku unapanda kutoka bonde la Ruvuma,
asubuhi unaukuta sebuleni, umelowesha viberiti.
Tulikaa motoni tukimenya ming'oko,
moshi jikoni, moshi vinywani,
watoto wakishindana wa nani mrefu.
Jua halijatoka, mashine zinanguruma mashambani
na mikorosho inageuka njano, jani kwa jani.
Theluji yetu hiyo, salfa.
Haiyeyuki, inawasha macho,
na deni lake liko chama cha msingi.

Siku ya tatu Nankondo, wa darasa la nne,
akakishika kile kikaratasi.
"Huyu anakwenda wapi?"
"Juu mlimani."
"Kuna nini huko?"
"Hakuna kitu. Anapanda ili ateleze, ashuke."
"Halafu?"
"Anapanda tena."
"Na ndoo yake iko wapi?"

Somoe alicheka mpaka chai ikampalia.
Akapangusa macho kwa pindo la kanga,
akasema mama yake alikuwa akishuka pale Shimo la Mungu
jogoo la kwanza,
akipanda na mtungi jua likiwa utosini,
miaka ishirini na mitatu,
"na hakuna aliyemwambia yuko likizo."
Akachochea moto.
Siku hizi mabomba yapo. Yanakohoa Jumanne na Ijumaa.

Nikadhani habari imeishia hapo.
Jioni nikamkuta Nankondo anapasua dumu la mafuta,
la lita ishirini, kwa panga, ulimi nje.
Si Shimo lenyewe tuliloteremkia, nani atanie na shimo lenye mwenyewe?
Ni kijiteremko nyuma ya shule,
mchanga mwekundu, nyasi zilizolazwa na umande.
Nina miaka arobaini na sita, nina presha.
Nikakaa kwenye nusu dumu, magoti kidevuni.
Mtu akanisukuma. Nina hakika alikuwa Somoe.

Sijui nilipiga kelele gani.
Najua mbuzi walikimbia,
na kwamba huko chini, nimepinduka, koti limenifunika uso,
niliusikia moyo wangu ukicheka peke yake
kabla mdomo haujaanza.
Kisha nikapanda. Kwa miguu, kamba hatuna.
Kisha tena.
Somoe alikataa katakata, akakataa, akavua soksi.

Sasa nipo chini, feni inazunguka,
koti limetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi
na wenzangu wanalipigia saluti wakipita.
Kikaratasi nilimwachia Nankondo, kakifunga kwenye dumu.
Mfukoni umebaki mchanga.
Sijaukung'uta.
Siku koti hili litakaporudi kwenye robota, liende lisikojua,
atakayeingiza mkono
na ajiulize yeye sasa, mlima gani huu,
na huyu mtu alianguka mara ngapi.