Hamsini na Tatu

Karatasi nimeikunja mara nne, nimeificha ndani ya soksi,
maana koti langu hupekuliwa na watoto wakisaka sarafu.
Nimeshuka kwenye lori la viazi pale Isyonje.
Ukungu nao umeshuka, umenitangulia mlangoni.

Atuganile anafuta mikono, anaifungua chini ya taa ya sola.
Yeye ndiye hupanga mbegu za viazi kwa ukubwa,
jicho lake halidanganywi na tope.
"Soma wewe," nasema. "Mimi nimeona nyota tu."
Nyota mbili, kando ya namba mbili.
Mashine ya maabara huweka nyota pale inaposhtuka.

Testosteroni: elfu moja mia mbili na kumi.
Pale hospitalini Mbeya nilijitutumua kwenye benchi kama jogoo,
mimi ambaye matubwitubwi ya kidato cha pili
yaliniachia ndevu saba na uchovu wa kikongwe.
Elfu moja na ushei! Nikatamani kuwapigia simu
wote walioniita Dada Tweve kule bwenini.

Daktari Mwasambili hakutabasamu.
"Sindano ulichoma lini?"
Jumanne.
"Na damu ulitoa lini?"
Alhamisi.
"Basi umepima mto siku ya mafuriko,
ukarudi kutangaza kina chake.
Njoo asubuhi ya sindano, kabla ya sindano,
tuuone mto ukiwa umebaki na mawe."

Jogoo akashuka juu ya benchi.

Kidole cha Atuganile kimefika kwenye tezi dume:
hapana nyota. Kinapita,
kisha kinarudi kuigusa namba ile tena
kama mtu ahesabuye watoto waliolala.

Halafu hii. Chembe nyekundu, kiasi chake ndani ya damu:
hamsini na tatu kwa mia.
Kikomo kimechapwa pembeni, hamsini.
"Damu yako nzito," alisema daktari,
nami nikadhani anaanza methali,
nikangoja maji yafuate, nikangoja ndugu.
Kumbe ni uzito tu, uzito wa tope la Aprili,
damu inayoweza kukwama njiani
kama lori kwenye kona za Igoma, nyuma yake foleni.

"Ni dawa?"
"Dawa imo." Akageukia dirisha. "Unaishi wapi vile?"
Nikamtajia.
"Huko juu hewa nyembamba. Mlima nao hukuchoma sindano,
kila siku, bila bomba.
Na asubuhi ile ulikunywa nini?"
Sikunywa kitu. Nilitoka saa kumi alfajiri,
nikaogopa hata maji, nikidhani wamesema nifunge.

Sasa, mke wangu, namba ni moja na washitakiwa watatu,
na mmoja ndiye ninayemwogopea.
Wakimpunguza huyo wa kwenye chupa, nitarudi kule:
usingizi wa saa sita mchana katikati ya matuta,
wewe ukibeba magunia peke yako kwenye sakitu ya Juni,
mimi nikilia kwa sababu kikombe kimevunjika.
Haya sikumwambia daktari.
Karatasi haina mstari wake.

Atuganile hajibu. Anaigeuza karatasi,
nyuma yake, chini ya bei ya gunia la juzi, anaandika:
*Jumanne ya tarehe nane. Kabla ya sindano. Anywe maji.*
Mwandiko wa mtu anayepanga kupalilia.
"Wapime tena," anasema. "Kiazi kimoja kibovu
hakinifanyi nimwage shamba."

Kisha anaita jikoni.
Lusubilo anakuja na jagi la plastiki, mikono miwili,
mtoto wa marehemu dada yake,
wangu tangu alipokuwa na meno manne;
hakuna maabara iliyowahi kuulizwa.
"Baba, mama amesema umalize yote."

Nakunywa. Baridi yake inauma fizi.
Methali ingoje.