Vidole Vitatu

Jezi za waliohama zimeletwa kwangu ndani ya gunia,
bado zanuka jasho la ligi kuu na dawa ya kuchua.
Nahodha yuko Zambia. Kipa kaajiriwa polisi.
Tulishuka daraja, tukabaki na vijana
wanaokuja mazoezini na sare za shule.

Mimi ni fundi wa Kaloleni,
cherehani yangu imeegemea ukuta wa uwanja.
Nimeambiwa: punguza.

Onditi, namba nane, jezi inampwaya kama pazia.
Shilavula golini, mtihani wake Novemba,
anadaka mpira kama aliyepewa kushika
mtoto wa wenyewe.

Jumamosi tulifungwa manne.
Nekesa muuza mahindi akaguna:
"Hawa ni wa kulea, si wa kushangilia."
Nikamuuliza tofauti yake nini.

Maana dakika ya themanini Onditi alitoa pasi,
moja tu,
ikapenya watu watatu kama uzi tunduni mwa sindano,
nasi jukwaani, watu arobaini kwa kuhesabu,
tukajikuta tumesimama.
Aliyeipokea akateleza. Basi.

Kombe silitaki mwaka huu.
Nataka wafungwe bila kununiana,
mvua za Machi ziwakute bado wako pamoja,
na ajenti yule wa miwani myeusi
apotee njia hapo Jogoo Road.

Usiku nashona. Mkasi sijaugusa.
Kitambaa kilichozidi nimekikunjia ndani,
vidole vitatu kila ubavu,
kwa mshono mlegevu,
wa kufumuliwa.