Mpango wa Mwaka, Nakala ya Tisa

Novemba, mto Shar ukishaganda
na malori yakianza kupita juu yake,
wananiletea rasimu ndani ya jalada la kijani.
Mimi ni Tsendsuren, mpiga chapa wa mkoa,
chumba namba saba, dirisha linalotazama ghala la makaa.
Nachapa mwaka ambao haujafika.

Daraja litajengwa. Visima vitachimbwa.
Wafugaji watakopeshwa.
Huduma zitasogezwa karibu na wananchi.
Kwenye kibodi yangu T imefutika kabisa,
A imebaki kama kovu la chanjo.
Zile mbili za "me" bado zinang'aa:
nazihitaji Desemba tu, kwenye taarifa ya utekelezaji,
na hata hapo wakubwa hupendelea "mchakato unaendelea".

Kifungu cha kumi na mbili, daraja.
Nimelijenga mara nane, hii ya tisa:
kwanza kwa mbao, baadaye kwa saruji,
mwaka juzi kwa kushirikiana na wadau wa maendeleo.
Mto wenyewe haujaarifiwa.
Kila Aprili barafu ikipasuka unachukua lori moja.
La mwisho lilikuwa la Gombo, limejaa unga.
Gombo aliogelea.
Samaki walikunywa uji.

Kifungu cha ishirini, ustawi wa wazee.
Humo yumo mama yangu, ingawa hakutajwa:
ni nyongeza ya asilimia nne,
huificha ndani ya kiatu cha sufu
akienda kununua tofali la chai.

Kisha akaja Lhagva, mpishi wa bweni
kule Bayan-Uzuur, wanakolala watoto wa wafugaji.
Hakuwa na barua. Alivua glavu,
akaweka mezani kwangu donge la barafu lenye umbo la kikombe.
"Chai ya mtoto wa darasa la pili," akasema.
"Jana usiku ilikuwa kando ya mto wake wa kulalia."
Ikaanza kuyeyuka juu ya kifungu cha thelathini.
Hakuomba kitu.
Alipangusa meza kwa mkono wa koti, akaondoka.

Usiku ule tulibaki ofisini mimi na mlinzi, naye alikuwa amelala.
Kati ya arobaini, kuimarisha utamaduni wa kusoma,
na arobaini na moja, sanamu ya farasi kwenye lango la mji,
nikapachika:
Tanuri moja la kupashia joto litanunuliwa, bweni la Bayan-Uzuur.
Nikaweka na bei.
Bei niliikata kwenye miguu ya nyuma ya yule farasi.

Mkono haukutetemeka. Kurasa mia na kumi na sita
za ta, ta, ta,
kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi,
nani angesikia ta moja zaidi?

Baraza lilipitisha. Mikono ishirini na tisa juu;
mmoja alikuwa anajikuna, akahesabiwa.
Gavana alikisoma kifungu changu kwa sauti ile ile ya vingine,
akanywa maji, akaendelea na farasi.

Tanuri lilifika Februari, juu ya barafu, bila bomba la moshi.
Bomba limo kwenye mpango wa mwaka ujao.
Lhagva ameunganisha mapipa ya mafuta, matatu,
moshi unatoka ukikohoa,
lakini unatoka nje.
Farasi wa shaba naye amesimama langoni, mfupi.
Wageni humdhani punda.

Leo Desemba imerudi, naandika taarifa.
Daraja: mchakato unaendelea.
Visima: mchakato unaendelea.
Tanuri.
Kitufe cha M kilikuwa kigumu kwa kukaa bila kazi,
nikakibonyeza kwa nguvu, kikatoa mbili:
limmenunuliwa.
Sijasahihisha.