Mbili Zimeenda Wapi

Tangu kidole kilipovunjika mwezi wa tatu
wamenipa kiti cha plastiki na daftari la mistari.
Wamenipa na kundi:
watu thelathini na saba ndani ya simu yenye ufa,
wengine Igoma, wengine Bukoba,
mmoja yuko Leicester, anafua nguo huku akisoma.

Kila ova ikiisha, natuma.
"Ova ya kumi na moja. Sitini na mbili, wiketi nne."
Tiki moja. Nasubiri.
Huku nyuma ya mawe ya Isamilo mtandao ni mgeni mwenye maringo,
basi nainua simu juu
kama mtoto anayelijua jibu.

Nyasi kazikata Bhavin jana kwa mashine yake,
mpaka wetu ni kamba ya nyavu kuukuu,
na pale tunapomkosa mchezaji wa kumi na moja
amesimama korongo, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.
Hadaki kitu. Lakini hachelewi mazoezi.

Kundini yumo Nyanzobe, mama yake Malimi,
muuza dagaa wa Kirumba.
Hajui ova ni nini, wala hajawahi kuuliza.
Nikituma, anajibu: "Amina."
Wiketi imeanguka: "Amina."
Mvua imesimamisha mchezo: "Amina, Baba."

Leo Malimi alikuwa na arobaini na nne
Imtiaz alipourusha mpira mfupi.
Malimi akarudi nyuma nusu hatua, akauzungusha mwili,
na ule mlio, ah,
mlio wa mbao iliyokubali.
Mpira ukapita juu ya korongo, ukaingia kwenye jua,
nami nikaandika kwa kidole kizima, kidole cha pupa:
"SITA! MALIMI HAMSINI!"
Tiki mbili. Buluu.

Ndipo nikamtazama mwamuzi.
Sharifa alikuwa anapunga mkono, kushoto kulia, kushoto kulia,
kama anayefuta ubao.
Nne.
Ulidunda shibiri moja kabla ya kamba.

Leicester keshapiga makofi kumi na mawili ya manjano.
Nyanzobe katuma sauti: soko zima limo humo,
anamwongezea kila mteja konzi moja ya dagaa,
"Hamsini! Mwanangu kafika hamsini!"
na nyuma yake mtu anauliza,
"Elfu hamsini?"

Mpira uliofuata, Malimi akadakwa.

Penseli inasema arobaini na nane.
Simu inasema hamsini.
Katikati nimekaa mimi, na chaji asilimia sita.
Ningeweza kunyamaza; nani angehesabu?
Malimi akaja anavua glavu, akaniuliza kwa macho.
Nikamgeuzia daftari.
Akalisoma, akaenda kunywa maji.

Nikafuta.
"Ujumbe huu umefutwa":
maneno yenye kelele kuliko ujumbe wenyewe.
Nikaandika upya: "Sahihisho. Nne, si sita.
Malimi arobaini na nane, katoka. Kosa ni langu."

Nyanzobe anaandika.
Nyanzobe kaacha.
Nyanzobe anaandika.

"Mwanangu, hizo mbili zimeenda wapi?"

Nikamweleza kamba, nikamweleza kudunda,
nikapima shibiri hewani kana kwamba ananiona.
Akanyamaza kidogo. Huyu ni mtu wa vipimo,
anaijua sado iliyojaa na sado iliyotiwa kidole,
anajua konzi zilizokwisha kutolewa
hazirudi kwenye beseni.

"Haya," akaandika. "Ziweke kwenye deni.
Atalipa Jumamosi."

Simu ikazima.
Pembeni mwa ukurasa, karibu na doa la chai,
nje ya hesabu yoyote atakayoijumlisha Sharifa,
nimeandika kwa penseli hafifu:
Malimi, mbili.