Mwanya wa Reli

Nyamizi ana miaka kumi na minne
na kiganja kisichobanduka mdomoni.
Meno yake ya juu yamepandana
kama abiria wa Mpanda wanaogombea behewa moja;
chonge ya kushoto imekosa kiti,
imesimama nje, inaning'inia.

Mimi ni mtu wa reli. Miaka ishirini na tatu
kati ya Tabora na Igalula, nyundo begani,
nagonga, nasikiliza taruma lililooza,
nakaza parafujo, narudisha mstari mahali pake.
Kwa hiyo daktari alipotandaza vifaa mezani
sikuona tiba. Niliona kazi.

Cha kwanza, chuma. Vijisahani vilivyogandishwa jino kwa jino,
na waya mmoja uliovipitia vyote.
"Waya huu unakumbuka umbo lake," alisema,
"ukiupinda unataka kurudi, na ukirudi unavuta jino."
Nikaitikia kwa kichwa. Mgongo wangu unajua kuvuta.
Bei: ng'ombe wawili, na wa tatu wa kukopa.
Kinaonekana toka Ng'ambo hadi Cheyo.

Cha pili, kauri. Kina rangi ya jino, hakisemi kitu,
lakini kinavunjika upesi, na raba zake zinakunywa chai,
zinakunywa binzari,
ukicheka watu wanaona mchuzi wa juzi.

Cha tatu kimejificha nyuma, upande wa ulimi.
Nani atakiona? Ulimi peke yake,
nao utachubuka mwezi mzima.
"Na fundi wake yuko Dar es Salaam."
Hapo mama Nyamizi akakisukuma pembeni kwa kidole.

Cha nne si chuma: ganda la plastiki, angavu kama maji,
unalivua ukila, unalivaa ukimaliza,
saa ishirini na mbili kila siku liwe mdomoni.
Tukamtazama mtoto aliyepoteza, muhula huu,
kalamu saba, sweta mbili
na kiatu kimoja. Kimoja!
Tukacheka wote. Naye akacheka. Kiganja kikapanda.

Nyumbani, bibi yake alikuwa anachuja asali ya Sikonge.
Akauliza kuhusu masega. Hapana. Miwa? Hapana. Karanga?
"Basi mnamtoa meno, hamyanyooshi."
Kisha, bila kuinua macho kwenye ndoo:
"Nyoosheni mtakacho. Ule mwanya wa mbele msiuguse.
Ni wangu. Nilimpa mama yake, naye akampa huyu.
Babu yenu aliuona huo kabla hajaniona mimi."

Usiku sikulala. Kunyoosha nusunusu ni kunyoosha gani?
Mpaka treni ya mizigo ilipopita,
taka-taka, taka-taka,
nikakumbuka ile sauti inatoka wapi.
Pale chuma kinapokutana na chuma hatukibananishi.
Tunaacha upana wa kidole, kwa ajili ya Oktoba,
jua likiwaka chuma kipate pa kutanukia,
la sivyo kitainuka mgongo na kuitupa treni porini.

Nilimweleza daktari hivyo hivyo, pamoja na mataruma.
Alinisikiliza hadi mwisho, mstahamilivu yule,
akaandika kwenye kadi: *mwanya ubaki.*

Ndipo tukagundua hatujamuuliza mwenye mdomo.
"Chuma," alisema Nyamizi. "Kile chenye raba za rangi."
"Rangi gani?"
"Kijani. Kama bendera ya gadi."

Leo ni wiki ya tatu. Anakunywa uji kwa hasira.
Shavu lina kidonda, nta ya kufunikia waya imekwisha,
na mimi ndiye mwenye makosa yote, hata ya mvua.
Kiganja kimehama: sasa kiko shavuni.
Hajacheka bado.
Nami nasubiri kama mtu aliyeketi stesheni
saa tisa za usiku, mizigo miguuni,
anayejua treni imechelewa,
anayeshika reli kwa mkono, kimya,
na kuisikia inatetema.